Kiti Chenye Jiko

"Nailoni yangu iko wapi?"

"Nimeikunja vizuri, nimeiweka kwenye buti," alijibu jirani yake, mshonaji. "Ilikuwa inamnata mama mgongoni."

Kinyozi, ambaye mtaa mzima ulimwita Wembe, alibaki amesimama na mkoba wake wa kazi begani. "Jirani, ufunguo nilikuachia ufunge vioo mvua ikija."

"Mvua haikuja. Mama ndiye aliyekuja."

Mapazia mawili matatu yakasogea. Umbea ulikuwa umepata wenyewe.

Gari lilikuwa na wiki tatu tangu litoke bandarini, baada ya kutumika miaka kadhaa huko nchi za baridi. Dogo, la milango minne, kijivu cha kung'aa, paa limeteremka taratibu hadi kwenye buti fupi. Shoo, ule wavu wa mbele, ilimeta, na taa zimechongwa kwenda pembeni kama macho ya mtu aliyedaka habari isiyomhusu. Ndani, kiyoyozi kisicho na kelele, usukani wa kupanda na kushuka, viti vinavyokukumbatia mbavu. Wembe aliliwekea sheria tatu: viatu nje, chakula marufuku, nailoni ya viti haitoki. Abiria hajawahi kumpakia hata mmoja, kwa hiyo sheria zilikuwa hazijavunjwa.

Aibu yake ilikuwa kitufe kimoja, chenye picha ya kiti kinachofuka moshi. Siku ya kwanza alikibonyeza kujaribu, makalio yakashika moto, akaruka nje mbele za watu. Tangu hapo gari likaitwa Jiko. Akakiziba kitufe kwa plasta.

Plasta sasa ilikuwa juu ya dashibodi. Injini inanguruma kwa upole, na kwenye kiti cha abiria amekaa mama mzazi wa mshonaji, macho kayafumba.

Wembe alifungua mlango. Ugomvi ni ugomvi, lakini mama wa watu ni mama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Funga mlango, joto linatoka."

Nje, jua lilikuwa linalainisha lami.

Mshonaji alimvuta pembeni. "Miezi sita, Wembe! Tangu mgongo umshike hajakaa kitako akala. Anasimama mlangoni, sahani mkononi, vijiko vitatu, basi, anakwenda kulala. Mito nimemshonea, wapi. Gauni nimempunguzia mara mbili, si unamwona alivyokwisha? Leo kaegemea humo, kakibandua kile kiplasta chako mwenyewe, kabonyeza. Sasa hivi kaniambia ana njaa. Mama yangu, njaa!"

"Basi mshushe ale."

"Akishuka atasimama. Akisimama hali."

Fundi bomba wa nyumba ya tatu akapaza sauti kutoka dirishani: "Wembe! Lile jiko limeanza kupika?"

"Linapika," alijibu mama wa watu, hata jicho hakufumbua.

Wembe alizunguka nyuma, akafungua buti. Nailoni ilikuwa imekunjwa kweli, pembe kwa pembe. Akaitazama muda mrefu kuliko nailoni inavyohitaji kutazamwa, akafunga buti.

"Umepika nini?"

"Wali na maharage."

"Yana mchuzi?"

"Mwingi."

Akavuta pumzi. Kisha akafungua mkoba wake, akatoa lile shuka jeusi la kuwafunika wateja wasimwagikiwe nywele, akalikung'uta mara mbili, akamfunika mama wa watu toka shingoni hadi magotini, na kiti chote pamoja naye. Akafunga kamba kisogoni.

"Usinikabe. Na nywele usiziguse."

"Sigusi, mama."

Mshonaji alileta sinia. Mama alimaliza sahani ya kwanza, akainyoosha nje ya dirisha iongezwe. Mshonaji aliipokea akakimbilia ndani haraka, maana machozi yalishaanza kumlengalenga na mapazia bado yalikuwa wazi. Wembe alisimama palepale, mikono nyuma, akichunga mchuzi.

"Na wewe umekula?"

"Nitakula kazini, mama. Nimezoea kula nyuma ya mlango, nimesimama."

Mama wa watu akamtazama miguu, akamtazama mgongo, akasogeza sinia kuelekea upande wa usukani.

"Zunguka huko, mwanangu, karibu ndani tule. Viatu acha nje."