Sanduku Jekundu la Wodi ya Wazazi

Watu wa mradi walilileta sanduku jekundu wodini, wakafundisha siku mbili, wakapiga picha, wakaenda zao. Ndani mlikuwa na kila kitu cha kumwokoa mzazi anayevuja damu: sindano, dawa, dripu, glavu. Likae mezani, mkono ulifikie, walisisitiza. Gari lao halijatoka getini, Matroni akalifungia kwenye kabati la kioo ofisini kwake.

"Wageni wakirudi walikute jipya," alisema. Ufunguo ukaingia mkobani.

Kila asubuhi mkunga alijaza fomu. Sanduku lipo? Akatia alama ya vema. Lilikuwepo kweli, linang'aa kama vyombo vya wageni.

Siku moja saa nne asubuhi wifi yake mkunga alijifungua salama. Mkunga alikuwa bado anamfuta mtoto, mara damu ya mzazi ikaanza kumwagika. Akakanda tumbo, wapi! Shuka ikalowa, godoro likalowa.

"Wifi, naona kiza."

"Usilale! Nitazame mimi hapa!"

Akamwachia muuguzi mwenzake tumbo, akakimbia ofisini. Kabati limefungwa.

"Matroni yuko wapi?"

"Mkutanoni mjini," alijibu mfagiaji. "Wa kuboresha huduma."

Hasira zilimpanda mkunga. Akanyakua kiti cha Matroni chenyewe, akakivurumisha kwenye kioo, akalichomoa sanduku na kurudi mbio wodini.

Wifi aliponea chupuchupu.

Matroni alirudi saa tisa, akasimama ofisini katikati ya vipande vya kioo, akamwita mkunga.

"Mali ya hospitali hii! Nataka barua ya kujieleza, sasa hivi!"

Hata hakuuliza nani alikuwa anakufa. Mkunga alitaka kumpasulia ukweli, lakini jicho lilitua kwenye faili la fomu. Siku arobaini za vema, zote kwa mkono wake. Ghadhabu yote ikamgeukia mwenyewe, na hapo ndipo ilipomuuma hasa. Akachukua kalamu, akazipiga mstari alama zile moja baada ya nyingine, kisha akaenda wodini, akaandika barua:

"Ni kweli nimevunja kabati. Kosa langu ni kuchelewa siku arobaini."

"Iko wapi barua?" Matroni alifoka kutoka ofisini.

"Iko tayari, Matroni. Iko huku mezani, chini ya sanduku. Njoo uisomee hapahapa, wifi yangu akikuona."