Aliyewekewa Mikono

Marashi yalimfikia Ezéchiel kabla ya Papa Hardy mwenyewe. Kila mara mama wa shirika la misaada alipokuja kukagua, Hardy alinyunyizia kuta, pazia, hata shuka. Chini ya shuka vidonda vya mgongoni mwa Ezéchiel viliendelea kuoza. Marashi juu ya uoza: mate ya kichefuchefu yalimjaa kinywani, akayameza.

Tangu aanguke bandarini na miguu kufa, shirika lilikuwa likimtolea fedha za kuhudumiwa, naye alitakiwa kumchagua wa kuzisimamia. Alimchagua Hardy, kiongozi wa maombi. Kanisa likafurahi, likamwekea Hardy mikono kichwani kana kwamba anatawazwa. Kuanzia hapo, kumwondoa kulionekana kama kutangua baraka. Hardy akafungua duka la simu kule mtaa wa Point. Sesilia, mhudumu aliyepaswa kuja kila siku, akawa analipwa siku mbili tu kwa wiki.

"Leo useme uko sawa, kaka," Hardy alimwambia. "Wakikata ile fedha, nani atakushika?"

Mama Odette wa shirika akaingia na karatasi yake.

"Papa Ezéchiel, unaendelea na huyu, au unachagua mwingine?"

"Anaendelea," Hardy akajibu. "Tunamutunza kama yai."

"Nimemuuliza yeye."

Ezéchiel hakuwa mwepesi wa kuhukumu. Miezi minne alijiambia labda Sesilia anaumwa, labda taxi zimegoma. Akasogeza bega kidogo, akasikia shuka ikibanduka kwenye nyama.

"Papa Hardy," akasema taratibu, "nigeuze, Mama aone mgongo."

Hardy akacheka. "Mimi? Ile kazi iko ya Sesilia."

"Sesilia hayupo. Wewe upo."

Hardy akaishika ncha ya shuka kwa vidole viwili, akaiinua. Uvundo ukapanda. Akaiachia, akajipangusa vidole kwenye suruali, akaenda kutema mate dirishani.

Ezéchiel alimtazama mgongoni, shati lililopigwa pasi vizuri, na kichefuchefu kilichomshika safari hii hakikutoka kwenye vidonda.

Odette ndiye aliyemgeuza. Aliangalia vidonda, kisha akampa karatasi na kalamu.

"Na Jumapili?" Hardy akauliza kutoka dirishani. "Kanisani utawaambia nini?"

"Kwamba nilikosea kuchagua."

Akaandika jina la Sesilia, herufi moja moja, akiwa amelala kifudifudi, mgongo wazi.