Ulimi wa Kasuku

Chumba kizima cha cherehani kiliangua kicheko, na aliyecheka kuliko wote ni mke wa fundi Kasuku. Kasuku, aliyebandikwa jina hilo kwa kuiga watu, alikuwa akimwiga shemeji yake, yule dereva anayeongea kama ana kiazi cha moto mdomoni, na leo alikuwa amempatia barabara.

"Nileteeni... ma... maji."

"Haya, umenipata, basi," shemeji mwenyewe alisema kutoka mlangoni, alikokuwa akingoja suruali yake ipigwe pasi. Alikuwa amenuna. "Kila siku mimi tu?"

Kasuku akatikisa kichwa, akajishika koo. Wakazidi kucheka. Hiyo ndiyo taabu ya mcheshi, hata akilia anapigiwa makofi.

Kisha ute wa mate ukadondokea gauni jeupe la bibi harusi lililokuwa chini ya sindano. Kasuku hakuufuta.

Kicheko kikamkauka mkewe. Mume huyu hunawa mikono kila akigusa kikombe cha chai. Hawezi kuchafua nguo ya mteja kwa mzaha. Akamgeuza uso kwenye mwanga. Midomo ilikuwa imefura, ulimi umejaa kinywa kizima.

"Umekula nini?"

Kasuku akagusa mfuko wa shati. Vidonge vipya vya presha, alivyoanza juzi ili kuusaidia moyo wake unaosukuma damu kwa shida. Muuguzi alisema, na mkewe akasikia kwa sikio moja: midomo au ulimi ukivimba, asimeze kingine, akimbie hospitali.

"Kaka, washa gari!"

"Na wewe umeingia kwenye mchezo wake?"

"Anakufa, kaka!"

Shemeji aliendesha huku mkono haubanduki kwenye honi. Kwenye kiti cha nyuma, mkewe alisikiliza pumzi za mumewe zikipita kwa mluzi mwembamba, na akajichukia kwa kile kicheko.

Hospitalini walimpitishia mpira wa kupumulia kooni kabla njia ya hewa haijaziba.

"Dawa hii ni nzuri, imewasaidia wengi," daktari alisema. "Ila wachache inawavimbisha. Asiiguse tena, wala nyingine ya ukoo wake. Moyo tutautafutia njia nyingine."

Siku aliyorudi kazini, Kasuku alimtazama shemeji yake mlangoni, akakunja midomo.

"Nileteeni... su... suruali yangu."

Cherehani zote zikasimama. Hakuna aliyecheka. Mkewe alimfikia mbio, akamshika kidevu.

"Toa ulimi."

Kasuku akautoa, mwembamba kama zamani, na ndipo shemeji akarudisha funguo za gari mfukoni.