Mama Alipanda, Umwiza Akabaki

Mwaka ule wote Umwiza alisoma darasa moja na mama yake, na hakuna kitu kilichomchoma kama hicho. Laurence, mama yake, aliachishwa shule akiwa binti huko katika mji wa Kiwanja ili aolewe, na jambo hilo halikumtoka moyoni. Vita vilipowasukuma mpaka Goma, wakapanga nyumba ya mbao mtaa wa Murara, alianza kuuza makala, yaani makaa ya kupikia, asubuhi, na mchana wake ukawa mtupu. Siku moja alimwambia mumewe, Anastase, kwamba anataka kurudi shule. Anastase, ambaye kazi yake ilikuwa kuleta maharagi kutoka Kiwanja na kuyauza soko la Birere, alicheka kwanza, kisha akaona mke wake hacheki. Shule ya karibu iliyopokea wanafunzi wa mchana ilikuwa moja tu, na darasa alilopimwa akaonekana analiweza lilikuwa la pili humanité, yaani la pili la sekondari ya juu. Darasa la Umwiza.

Binti alikuwa na miaka kumi na saba. Laurence alipovaa shati jeupe na sketi ya buluu kwa mara ya kwanza, akamgeukia ili amtazame, Umwiza alitazama chini. Mama aliuona uso ule, wala hakugomba. Alisema tu kwamba majina yao hayafanani, hakuna atakayejua kama hawataki ajue. Tangu siku hiyo alikuwa akitangulia njiani peke yake, na Umwiza akifuata nyuma kama mtu wa nyumba nyingine. Daniella, rafiki yake wa benchi moja, alipouliza yule mama mwenye sketi ni nani, Umwiza alijibu kwamba ni jirani yao.

Laurence alikaa benchi la mbele na kuuliza yale ambayo wengine waliona haya kuyauliza. Wavulana walimcheka kwa wiki za mwanzo, kisha wakaanza kumzunguka wakati wa mapumziko ili awaeleze hesabu. Kila mama alipoinua mkono, Umwiza alihisi masikio yake yanawaka moto. Jioni, Laurence alipofuta meza na kumwita wafanye pamoja mazoezi ya kemia, Umwiza alisema kichwa kinamuuma. Alijilaza ameelekeza uso ukutani, akisikiliza mama anavyonong'ona namba peke yake, anakosea, anafuta, anaanza upya. Hakuwa mtoto mzito wa akili. Ila aliona kwamba akikaa kwenye meza ile, atakuwa amekubali kuwa yule ni mwenzake wa darasa.

Mtihani wa Juni ulipofika, alisoma maswali ya kemia na kuyatambua moja baada ya jingine. Ndiyo yale yale aliyoitiwa mezani. Aliyatambua kwa sura tu. Njia ya kuyatatua hakuijua.

Siku za kungoja matokeo zikawa na hofu mbili. Aliogopa kwamba yeye hatapanda darasa, na aliogopa zaidi kwamba mama atapanda. Jumapili moja kanisani alijikuta anamwomba Mungu kwamba kama yeye ataanguka, basi na mama aanguke naye. Alishtuka kusikia moyo wake unasema hivyo, akafumbua macho. Laurence alikuwa amepiga magoti kando yake, na Umwiza hakuwa na shaka anamwombea nani.

Siku ya kutangaza matokeo, wanafunzi wote walipangwa uwanjani, kila darasa na mstari wake, juu ya yale mawe meusi ya volkano ambayo viatu havikai sawa. Prefe, mkuu wa shule, alisimama mlangoni mwa ofisi na kusoma majina kwa sauti, kuanzia wa kwanza. Laurence alikuwa wa nne. Darasa lilipiga makofi kwa muda mrefu kuliko lilivyompigia wa kwanza, na mwalimu mmoja akapiga kelele ya furaha. Laurence hakufurahi. Alikuwa amesimama ameshika mikono yake kifuani, akisikiliza majina yaliyobaki.

Majina yakaendelea, yakapungua, yakaisha. Ndipo prefe akaanza kusoma ya wale watakaorudia, na jina la Umwiza likawa la pili.

Laurence akasahau mapatano yao. Alitoka kwenye mstari, akapita katikati ya watoto, akamshika Umwiza mabegani.

"Mutoto wangu," alisema. "Mutoto wangu, nyamaza."

Umwiza hakuwa analia hata kidogo. Aliona tu macho ya uwanja mzima yamegeuka, na Daniella akimtazama yeye, kisha mama, kisha yeye tena.

"Ni mama yako?" aliuliza msichana mmoja wa mstari wa darasa jingine.

"Hapana," alisema Umwiza.

Mikono ya Laurence ikalegea mabegani mwake. Kisha akarudi nyuma hatua moja, akatabasamu kwa shida, tabasamu la mtu aliyegonga mlango usio wake.

"Pardon, mutoto," alisema. "Nilikufananisha na wangu."

Akarudi kwenye mstari.

Nyumbani hakuna aliyelitaja jambo lile. Laurence alipika, akapakua, akamwekea Umwiza sahani yake kama kawaida, na hilo lilikuwa gumu kuliko kofi. Anastase aliporudi kutoka Kiwanja na kuuliza habari za shule, Laurence ndiye aliyejibu. Alieleza kwamba mtoto atarudia mwaka, kwamba kemia ilikuwa ngumu kwa wengi, asimkaripie. Anastase akauliza juu ya mkewe mwenyewe. Laurence akasema amepanda.

"Lakini nitaishia hapo," aliongeza. "Mama hawezi kumupita mutoto wake. Watu wataongea."

Anastase alisema afanye vile anavyoona. Na Umwiza, mkono ukiwa ndani ya sahani, alihisi kitu kinashuka kifuani, kitamu, chepesi. Mwaka ujao hakutakuwa na mtu wa kumfunika. Ilimchukua muda kidogo kuelewa kwamba kile alichohisi ni furaha, na alipoelewa aliisukuma sahani kando.

Siku chache baadaye alimkuta mama ameikunjua ile sketi ya buluu, anaipima kwa vidole aone kama inaweza kutoa sketi mbili za watoto. Mkasi ulikuwa karibu. Umwiza alipita, akatoka nje, akaenda moja kwa moja kwa akina Daniella. Hakujua anachofuata huko, ila alitaka kumwambia mtu mmoja ukweli kwanza, kabla ya kurudi kumtazama mama yake. Alimkuta Daniella anaanika nguo. Alisema haraka, asije akaghairi: yule mama wa benchi la mbele ni mama yake mzazi.

Daniella aliendelea kuanika.

"Tulijua tangu mwanzo," alisema. "Munatembea namna moja. Yeye mwenyewe alituomba tusikuulize. Alisema uko na haya kidogo, itapita."

Umwiza alisimama pale na nguo zinadondosha maji miguuni pake. Kumbe mwaka mzima darasa zima lilikuwa linamtunza, kama mtu anavyotunzwa na wageni wanaojua kuna msiba ndani. Na aliyewaomba ni yule aliyekuwa akitembea peke yake mbele.

Alirudi akamkuta Laurence uani, anachambua makala, makubwa upande huu na vumbi upande ule. Sketi ilikuwa bado nzima, imetundikwa msumarini. Umwiza alichuchumaa, akaanza kuchambua naye.

"Mama, ile siku uwanjani nilisema hapana."

"Nilisikia."

"Nilisema mbele ya watu."

"Niko najua. Nilikuwa pale."

Umwiza alingoja aambiwe kwamba si kitu. Haikusemwa. Mama alipangusa paji la uso kwa mkono, akaacha alama nyeusi.

"Iliniuma," alisema Laurence. "Nisikudanganye. Mpaka leo inaniuma."

"Unisamehe."

Laurence aliendelea kuchambua, mpaka gunia likakaribia kuisha.

"Usiikate ile sketi," alisema Umwiza. "Panda, mama. Mimi nitabaki."

"Nitapanda," alisema Laurence. "Lakini si kwa sababu umeniambia. Tangu jana mukasi iko pale, na mukono inakataa. Na wewe utarudi pale pale. Usiniombe kukutafutia shule ingine."

Hilo Umwiza alikuwa amelipanga kweli. Wengi waliorudia darasa walihamia shule ya mtaa wa mbali, ambako hakuna anayejua umri wa mtu wala mwaka aliopotea. Alitikisa kichwa kukubali, na machozi aliyoyakosa uwanjani yakaja sasa, juu ya makala.

Septemba alikaa tena darasa la pili, katikati ya watoto waliomfikia begani. Darasa la tatu lilikuwa upande wa pili wa ukuta wa mbao, na kila kitu kilisikika. Siku ya kwanza ya kemia, mwalimu aliandika ubaoni swali ambalo Umwiza alilikumbuka, akauliza nani analiweza. Kutoka ng'ambo ya ukuta ikasikika sauti ya Laurence ikijibu kitu kwa mwalimu wake, ikakosea, vijana wakacheka. Mtoto aliyekaa naye benchi moja alicheka nao, akauliza yule bibi ni nani.

"Ni mama yangu," alisema Umwiza. Masikio yaliwaka kama zamani.

Aliinua mkono. Ubaoni alifika katikati ya swali, akakwama, chaki mkononi, darasa zima linamtazama. Mwalimu akamwuliza kama arudi kukaa. Umwiza akasema hapana, anaomba aelezwe hapo alipokwama.