Ngozi ya Samaki wa Mti

Mara ya tatu samaki wa Mayasa alipochunika, niliamua kumtafuta wa kumlaumu, na mimi nikitafuta wa kumlaumu simkosi.

Mayasa ni dada yangu. Hapa Bwejuu ndiye anayechonga samaki wa mti wa kurambazia: kipande cha msufi urefu wa kidole, mgongo wa buluu, tumbo jeupe, jicho jekundu, ndoana mkiani. Boti ikimkokota, kolekole anamdhania samaki kweli. Kwa rangi dada yangu hana mfano. Taabu ilikuwa ile ngozi ya mwisho, inayong'aa na kuonyesha ndani, ya kuikinga rangi na chumvi. Alipaka vanishi ya vitanda, ikababuka. Alipaka rangi ya kucha, ile nyeupe kama maji, ikababuka. Nikamletea vanishi ya boti kutoka mjini. Hiyo ndiyo ilivuka mipaka, ilitoka kama ganda la kitunguu.

Na Ubwa alikuwa ameshasema. Ubwa ni nahodha, na pwani yetu anachofunga Ubwa kwenye mshipi ndicho wanachofunga wote.

"Mdogo wangu," alimwambia Mayasa, "Ijumaa nataka anayedumu. Akichunika na huyo, mie nnakwenda kununua wale wa plastiki. Usinichukie."

Wale wa plastiki! Wanauzwa na watu walewale wa boti za watalii, waliotutilia ua kwenye njia yetu ya kushukia pwani. Tuliambiwa ni kwa muda. Aliyesema namkumbuka, na shati alilovaa nalikumbuka. Ua bado upo. Walianza na njia, sasa wanataka na mshipi.

Nikamtia samaki mfukoni, nikaenda mjini, Darajani, dukani kwa Kheir aliyeniuzia ile vanishi. Duka limejaa watu, ndivyo ninavyopenda. Nikasimama mlangoni nikahutubia, nikaanzia kwenye foleni za sukari za zamani, nikateremka nayo dhuluma mpaka kwenye kopo lake.

"Umetuuzia maji, bwana!" nilimalizia.

"Ushamaliza?" Kheir aliuliza. "Hebu nimwone."

Akamkwangua kwa ukucha. Akamnusa. Akamnusa tena.

"Mudrik, mbona ananuka papa?"

"Samaki huyo. Ulitaka anuke karafuu?"

Watu wakacheka. Kheir hakucheka. "Huyu mti, ndugu yangu. Na mti ulionyweshwa mafuta haushiki kitu. Hata ungeupaka lami."

Nilirudi nyumbani. Mayasa akaapa. "Wallahi kaka, mafuta nitie ya nini? Nachonga, naanika uani, nakwenda kwenye mwani, nikirudi napaka rangi."

"Anayepaka mafuta ni mimi," ilisema sauti jikoni.

Mama yetu, Bi Tahiya, akatoka na mwiko mkononi.

"Unapaka nini, mama?"

"Sifa." Yale mafuta ya ini la papa. Baba yake alikuwa fundi wa vyombo vya baharini, na hakuna chombo chake kilichogusa maji bila ya sifa. "Mti unashuka baharini mkavu? Mmezaliwa wapi nyie? Nampaka kila mmoja, kisha namfuta vizuri asichafue mikono ya mwanangu."

Nilikuwa na hotuba tayari. Nikaimeza. Unamshtaki nani hapo? Mayasa alicheka mpaka akakaa chini, halafu akaanza kuhesabu siku kwa vidole. Ilikuwa Jumanne.

Usiku huohuo akachonga watatu, akawaficha juu ya kabati mama asiwafikie. Jumatano walikuwa na rangi, kila mmoja akapewa ngozi yake. Rangi ya kucha iliyeyusha jicho jekundu likachuruzika mpaka tumboni. Huyo alionekana analia damu. Vanishi ya boti ilikaa vizuri, ila Alhamisi bado ilikuwa inanata. Kwenye kopo imeandikwa wiki nzima, nilisoma kwa msaada wa kamusi. Wa tatu tulimpaka gundi ya chupa mbili aliyonipa Kheir siku ile dukani, unayoichanganya nusu kwa nusu ikakauka kama kioo. Nayo ikaanza kukusanyika upande mmoja.

"Mgeuzeni basi," mama alisema. "Nyie mshikaki mnauacha upande mmoja?"

Mayasa akamchomeka kwenye kijiti, akamgeuza taratibu mpaka gundi ikashika. Alhamisi asubuhi alimlaza kwenye ndoo ya maji ya bahari, jioni akamsugua kwenye jiwe la matumbawe. Alipata mkwaruzo tu. Rangi haikuguswa.

Ijumaa asubuhi Ubwa akaja. Mama akasimama mlangoni.

"Hatoki bila sifa."

Ubwa akanitazama. Mimi nikatazama miguu yangu. Mayasa akachukua kichupa cha sifa, akampa mama mkononi.

"Sasa mpake, mama. Juu ya ngozi."

Mama akampaka kwa utaratibu, mpaka mkiani. "Kumbe ni hivyo tu? Si mngesema."

"Ananuka kama chombo cha marehemu babu," Ubwa alisema, akaondoka naye.

Alirudi na kolekole wawili. Samaki wa mti alikuwa na alama za meno mgongoni, na chini ya alama hizo buluu yake bado ilikuwa buluu.

"Nichongee wengine, Mayasa," alisema. "Na hiyo sifa, Bi Tahiya, usiwanyime."

Jioni nilipita kando ya ua nimebeba kichwa cha kolekole cha mchuzi wetu. Mlinzi wa wale watu wa boti za watalii akaniuliza kolekole huyo amevuliwa kwa kitu gani. Nikamwambia. Ya ua sikumwambia siku ile, nilikuwa na njaa.