Matete ya Muda

Harufu ilimpokea Siti Hilali kabla ya mtu yeyote. Lori la Idara ya Maji lilikuwa bado linapanda kilima, chuo chenyewe hakijaonekana, dereva akapandisha kioo na kujiziba pua kwa kola ya shati.

"Dada, nakushusha getini," alisema. "Huko ndani siingii."

Siti alikuwa mzaliwa wa Ujiji, binti wa muuza vitambaa. Alilelewa katika nyumba ambayo kiatu hakikuvuka kizingiti na nguo iliyoguswa na uchafu ilifuliwa siku hiyohiyo. Alipokwenda Dar es Salaam kusomea ufundi wa maji, mama yake aliwatangazia majirani kwamba binti yake atawaletea watu mabomba. Ofisi ya Kasulu ikampa majitaka. Wanaume wawili walikuwa wamepangiwa kazi hiyo kabla yake. Mmoja alisingizia mgongo, mwingine msiba.

Ilikuwa mwaka 1977. Serikali ilitaka kila mtoto aingie darasani, walimu hawakutosha, na vyuo vikajazwa mpaka pomoni. Chuo kile cha ualimu, kando ya barabara ya Kasulu kwenda Kibondo, kilikuwa na mabwawa mawili ya majitaka yaliyochimbwa kwa ajili ya wanafunzi wachache. Sasa vitanda vilikuwa vimepandana bwenini, foleni ya vyoo ilianza alfajiri, na mabwawa yalikuwa yaleyale.

Siti alisimama ukingoni akatamani kurudi lorini. Juu ya maji palikuwa na utando mzito wa rangi ya kijivu uliopasukapasuka kama ugali uliolala, na chini yake kitu kilichemka polepole kikitoa mapovu. Funza weupe walitambaa kwenye kingo. Kwenye mdomo wa bomba la kutokea, maji yalikuwa ya kijani kibichi, yanateleza kama makamasi, yakishuka mfereji mpaka kwenye kijito cha bondeni. Amonia ilimchoma macho. Alifunika mdomo kwa ncha ya kanga, lakini kanga nayo ilikuwa imekwisha kunuka.

"Umeona?" alisema mtu nyuma yake. Alikuwa Ndugu Felisiani, mkuu wa chuo, mwanamume mnene mwenye sauti laini na leso iliyotiwa manukato. "Harufu tu. Wageni kutoka mkoani wanakuja mwezi ujao. Mwaga chokaa, panda mikaratusi pale, mambo yatakwisha."

"Harufu ndiyo inayoonekana, Ndugu Mkuu. Maji haya yanakwenda wapi?"

"Bondeni," alijibu, akapangusa shingo. "Yanakwenda tu."

Bondeni kulikuwa na kijiji, na kijijini kulikuwa na kisima kilichochimbwa hatua chache kutoka kwenye kijito. Siti alikwenda huko na Daktari Philemon wa hospitali ya Kasulu, mtu wa Njombe, mwembamba na msemaji wa haraka, ambaye ndiye aliyekuwa ameipigia kelele Idara ya Maji. Walipokuwa wakishuka alimweleza. Watoto wachanga wa kijiji kile walikuwa wakiletwa kwake wakiwa na midomo na kucha za rangi ya majivu, wanahema kama waliokimbia. Hawakuwa na homa, wala mapafu yao hayakuwa na ubaya. Alipowatoboa kidole, damu ilitoka ya kahawia, kama kahawa.

"Wote wananyweshwa maziwa ya unga," alisema. "Anayenyonya titi tupu haugui. Kwa hiyo ni maji."

Siti alijua. Mkojo wa watu wengi ukikaa bwawani huwa amonia, na amonia ikipata hewa njiani na udongoni huwa naitreti, ambayo haina rangi, haina harufu, haina ladha. Mtu mzima hunywa asihisi kitu. Mtoto mchanga damu yake hushindwa kubeba hewa.

Walimkuta Epifania akipepeta maharage mlangoni pake. Alikuwa mama kijana, mzaliwa wa Kumsenga aliyeolewa huku, na mtoto wake alikuwa amezikwa kabla ya msimu wa kuvuna. Aliwakaribisha kwa Kiha, "Mwakeye," kisha akaendelea kwa Kiswahili chake cha taratibu.

"Maziwa yangu yalikauka kwa homa," alisema. "Nesi alinipa ya kopo. Akaniambia, mama, chemsha maji. Hata redio ya mwenyekiti ilisema, chemsheni maji. Nami nilichemsha, dada. Si kuchemsha kidogo. Niliacha sufuria motoni mpaka yanabaki nusu, niwe na hakika."

Siti alimtazama Daktari. Daktari alitazama miguu yake.

"Moto unaua vijidudu," Siti alisema. "Kitu hiki si kijidudu. Ni kama chumvi. Moto haukiondoi."

Alitaka aishie hapo. Epifania aliendelea kupepeta, ungo ukapanda na kushuka, kisha ukasimama.

"Ukichemsha maji ya chumvi," alisema polepole, "yakibaki nusu, chumvi inazidi."

Siti aliitikia kwa kichwa.

"Imana yanje," alisema Epifania kwa sauti ndogo. Mungu wangu. Maharage yakamwagika yote, asiyaokote.

Siku ile Siti alimwomba Harerimana, mwenyekiti wa kijiji, afunge kisima kwa mbao na misumari. Harerimana alikubali, ila akauliza watu watakunywa nini, kwani chemchemi nyingine ilikuwa upande wa pili wa kilima, mwendo wa kumchosha mwanamke mwenye ndoo. Siti alisema atatafuta njia.

Ofisi ya Kasulu iliahidi mabwawa mapya, lakini hakuna aliyejua ni lini. Mpaka hapo ilibidi kufanya marekebisho ya muda kwa vitu vilivyopo. Siti alichora mpango wake kwenye ardhi kwa kijiti, wanafunzi na wanakijiji wakimzunguka. Ndani ya mabwawa wangejenga kuta za mabanzi, ili majitaka yazunguke na kukawia badala ya kukata moja kwa moja. Kwenye mteremko wangepanga ngazi za mawe, maji yaanguke na kupata hewa, amonia igeuke naitreti. Chini kabisa wangechimba vitalu vipana vya tope, wapande matete, maji yapite polepole mizizini; humo ndani, mahali pasipo na hewa, wadudu wasioonekana kwa macho wangeila ile naitreti na kuigeuza kuwa hewa.

"Nani ataingia bwawani?" aliuliza mwanafunzi mmoja.

Siti alivua saa, akafunga kanga kifuani, akavaa viatu vya mpira vya idara na kuingia. Tope lilimpokea mpaka mapajani, vuguvugu kama kitu chenye uhai. Kila alipoinua mguu, lilivuta, likatoa pumzi iliyooza usoni mwake. Vitambaa, manyoya ya kuku na vitu ambavyo hakutaka kuvitambua vilimgusa miguu. Kiatu kimoja kilinasa, akayumba, akashika utando kwa mikono yote miwili, na uji ule mweusi ukamrukia mpaka mdomoni.

Alitapika papo hapo, amesimama, mbele ya watu wote. Aliona aibu kiasi cha kutaka kuzama. Kisha akahisi mkono umemshika kiuno. Alikuwa Epifania, ameingia bila viatu.

"Tapika, dada, umalize," alisema. "Halafu unionyeshe ubao unakaa wapi."

Baada ya hapo waliingia na wengine, wakitukana na kutema mate, lakini waliingia. Kazi ile haikuzoeleka. Siti alijisugua kila jioni kwa sabuni ya magadi mpaka ngozi ikapasuka, na bado aliposujudu alisikia harufu katika nywele zake. Chakula kilimshinda. Uji wa wanafunzi, kwa namna ulivyotingishika juu, ulimfanya ageuze uso.

Kuta zilipokaribia kumalizika, mkuu wa chuo alimwita nyumbani kwake kunywa chai. Nyumba ilikuwa upande ambao upepo haukuleta harufu. Palikuwa na vitambaa vya kufuma kwenye viti na birika la kaure. Siti alishika kikombe lakini hakunywa.

"Kunywa, Ndugu Siti, usiogope," alisema Felisiani kwa wema. "Haya si maji ya bondeni. Gari la chuo linaniletea kutoka chemchemi ya upande wa pili. Tangu mwaka juzi mke wangu hagusi maji ya bondeni."

"Tangu mwaka juzi?"

"Bwana afya mmoja alipita, akaniambia kisima kile kimeharibika. Alisema si kizuri kwa watoto. Nami nina mjukuu hapa."

Siti aliweka kikombe mezani. "Uliwaambia wanakijiji?"

Felisiani alitabasamu kama mtu anayemfundisha mtoto. "Ningewaambia nini? Wangekuja hapa na mapanga, chuo kingefungwa. Na wale, unajua, watoto wao hufa kwa mambo mengi."

Aliyasema akichovya mkate katika chai. Alitafuna, akameza, akalamba sukari kidoleni. Siti aliitazama midomo ile ikifanya kazi. Katika tope alijua anachokinusa. Hapa palinukia sabuni na iliki. Aliinuka bila kuaga, akafika nyuma ya banda la kuku, akatapika mpaka akatoa nyongo.

Alipotoka hapo alikwenda moja kwa moja kwenye nyumba ya pampu ya majitaka. Ukuta wa mwisho ulihitaji bwawa litulie, na kwa hiyo alikuwa na haki ya kusimamisha maji kwa muda. Alifunga koki kubwa ya bomba la kuingilia bwawani, akachukua mpini wa koki, akauweka begani.

Felisiani alimfuata mchana, vyoo vilipoanza kulalamikiwa. "Unafungua lini?"

"Ukuta ukiisha."

"Na utaisha lini?"

"Gari la chuo likiteremka bondeni na mapipa ya maji kutoka chemchemi yako. Leo, na kila siku, mpaka kichimbwe kisima kingine juu ya kijiji."

"Hiyo si kazi ya ufundi! Nitamwambia mhandisi wako!"

"Mwambie. Nami nitamweleza mwenyekiti Harerimana maneno ya chai. Au nianze na wanafunzi? Wengi wao wana watoto nyumbani."

Leso ilipanda puani, ikashuka. Alijaribu kucheka, akaona hacheki mtu. Siti alikaa juu ya jiwe, mpini mapajani, akangoja. Kulipopambazuka vyoo vilikuwa vimefurika, na kwa mara ya kwanza upepo uligeuka ukaipelekea nyumba ya mkuu mzigo wake. Mkewe alitoka barazani akaanza kumfokea mumewe mbele ya wapishi. Kabla jua halijapanda sana, gari lilishuka bondeni likigonganisha mapipa.

Siti alifungua koki. Maneno ya chai, hata hivyo, hakuyaficha. Alimwambia Harerimana na Daktari Philemon jioni ileile, kwa sababu aliona kuyabeba peke yake ni sawa na kuyala. Harerimana aliyapeleka wilayani. Wilayani walisikiliza, wakashukuru, wakasema litaangaliwa.

Wageni wa mkoani walikuja. Felisiani aliwatembeza kwenye ngazi za mawe na vitalu vya matete, akieleza jinsi chuo chake kilivyobuni mpango ule. Walipiga makofi, wakaondoka upesi kwa sababu ya nzi.

Mvua za kwanza ziliponyesha, matete yalishika, yakawa marefu. Utando wa bwawani ulipungua. Chupa za maji ambazo Siti alizipeleka kupimwa zilileta habari kwamba naitreti imeshuka sana, ingawa haijaisha. Kisima kipya kilichimbwa juu ya kijiji, karibu na shamba la Epifania, naye akawa mlinzi wake. Mtu akiacha ng'ombe karibu alipata matusi ya Kiha yasiyotafsirika. Hakuletwa mtoto mwingine mwenye midomo ya majivu. Epifania hakupata tena mimba mwaka ule, wala uliofuata. Kila alipokutana na Siti alizungumza juu ya matete, kwamba yapi yamelala na yapi yapunguzwe. Juu ya sufuria hawakuzungumza tena.

Siti alipewa uhamisho kwenda Kibondo. Alikuwa stendi ya Kasulu, ameketi juu ya sanduku lake, aliposikia sauti laini ikimwita. Felisiani alikuwa amevaa suti mpya. Alikuwa amepandishwa cheo, anakwenda mkoani kusimamia vyuo.

"Ndugu Siti! Tumefanya kazi nzuri, mimi na wewe," alisema, akanyoosha mkono.

Watu wa stendi walitazama. Mkono ule ulikuwa safi, kucha zimekatwa vizuri, unanukia manukato. Siti aliutazama, na mate yakamjaa mdomoni. Hakuupokea. Mkono ulibaki hewani, kisha ukaenda kurekebisha tai.

"Bado una hasira za ujana," alisema Felisiani, akaenda zake kwenye gari lililokuwa likimngoja.

Siti alitema mate pembeni, kitu ambacho mama yake angemkaripia vikali. Lori la Kibondo lilifika limejaa magunia ya maharage. Alipanda juu yake, akajifunika kanga kwa vumbi. Mabwawa mapya ya chuo hayakujengwa mwaka ule, wala miaka mingi baadaye. Matete ya muda yaliendelea kufanya kazi, na wanawake wa bondeni ndio waliokuwa wakiyakata kila kiangazi, wakiwa wamefunga pua kwa vitambaa.