Mama Ana Maziwa ya Kutosha

Tumu alikuwa amejifunga leso kifuani mizunguko mitatu, akaikaza mpaka pumzi zikawa zinaingia kwa kuomba ruhusa. Juu ya leso alivaa gauni, na juu ya gauni buibui. Saa tatu za asubuhi jua lilikuwa limeshaupata ukuta wa kliniki, na kina mama thelathini na ushei walisogea kwenye benchi kila mmoja wao alipoitwa. Pajani mwake alilala Nana, mtoto wa miezi minane mwenye uso wa kikongwe. Alikuwa akilia, lakini kilio chenyewe kilikuwa kidogo hivi kwamba mama aliyekaa ubavuni hakugeuka hata mara moja.

Leso ile ilikuwa na kazi moja tu, nayo ni kumsaidia Tumu aonekane hana maziwa.

Kanuni ilibandikwa mlangoni, na kwa wasiojua kusoma, kama yeye, ilitangazwa kwa mdomo kila Jumanne. Serikali ya uhuru haitaki kuona mtoto anakufa kwa njaa. Kwa hiyo imeleta maziwa ya unga, bure, kwa mayatima, kwa mapacha, na kwa watoto ambao mama zao wamekaukiwa. Mwenye maziwa yake hapati, maana mwaka uliopita maziwa ya serikali yalionekana mtaa wa Majengo yakiuzwa kwa vijiko vichochoroni. Siku hizi kabla ya mama kupewa kopo huingizwa nyuma ya pazia, na Sista humminya ziwa. Likitoa, anarudi kwake na mawaidha.

Tumu maziwa alikuwa nayo. Hiyo ndiyo iliyokuwa taabu yake. Alikuwa nayo, ila hayakuwa yake.

Mwezi wa tano huu alikuwa akimnyonyesha Jamaldin, mjukuu wa Bi Mwanarusi wa Kibokoni. Mamake mtoto, Swabaha, alitokwa na majipu ya matiti baada ya kujifungua, yakapasuliwa, na maziwa yakakatika. Bi Mwanarusi alikataa katakata mjukuu wake kulelewa kwa kopo, maziwa ya ng'ombe asiyejulikana wa nchi isiyojulikana. Akatafutwa mwanamke mwenye mtoto mchanga na asiye na mume. Tumu aliyatimiza masharti yote mawili. Jaffar wake, kuli wa bandari ya Mbaraki, alikuwa amepanda meli kwenda kuwa mpishi, na talaka ikaletwa na rafiki yake, kwa mdomo, pamoja na salamu.

Mapatano yalikuwa mepesi. Tumu apewe ghala ya chini alale na mwanawe, apewe chakula cha mchana na cha jioni, na kila Idi leso mpya. Maziwa ni ya Jamaldin kwanza. Nana atapata kitakachobaki. Basi kila alfajiri, kabla Tumu hajaketi mkekani, Bi Mwanarusi humpapasa matiti kwa vidole viwili, kama achaguaye embe sokoni. Akiyakuta laini huuliza, "Usiku huyo wako alinyonya?" Na kwa kuwa swali hilo halikuwa na jibu zuri, Nana alizoezwa kulala na uji wa mchele.

Kwa muda Tumu alijua kujisaidia. Alipokuwa peke yake jikoni alijikamulia kikombeni, robo kikombe, nusu, akashuka nacho chini ya buibui kumpa Nana kwa kijiko. Mtoto alianza kushika vidole vya mamake tena. Iliyomfichua Tumu ilikuwa kadi ya kliniki hii hii, kwani Jamaldin naye hupelekwa kila mwezi kupimwa, na mwezi huo kadi yake ilisema hakuongezeka hata wakia moja. Bi Mwanarusi alimwita Tumu. Hakumpiga, hakumtukana. "Serikali imeleta mizani, Tumu," alimwambia. "Kuibiana kumekwisha." Tangu siku hiyo Tumu hakuachwa jikoni peke yake.

Leo aliaga kwamba anampeleka Nana kuchanjwa. Kabla ya kutoka alimnyonyesha Jamaldin mpaka mtoto akalala na tone jeupe mdomoni, na matiti yakabaki matupu. Alipiga hesabu kwamba akiwahi mapema atafika mbele ya Sista akiwa mkavu kweli. Lakini foleni haikujua hesabu zake. Ilipotimu saa tano na nusu alihisi matiti yakijaa chini ya leso, yakijaa na kuuma, akainama juu ya Nana akiomba Mungu ayazuie angalau robo saa. Alikuwa mwanamke wa kwanza katika mji ule, pengine, kuomba dua hiyo huku mwanawe ana njaa.

Akaitwa.

Sista Jael alikuwa mwanamke wa bara, mnene wa mabega, aliyeamka saa kumi. Alimweka Nana mizanini, akatazama mshale, akampandisha na kumweka tena.

"Miezi minane?"

"Ndiyo, Sista."

"Ratili tisa. Wa miezi miwili anamzidi. Unampa nini huyu?"

"Uji wa mchele."

"Na ziwa?"

"Sina."

"Ingia huku."

Nyuma ya pazia Sista aliifungua ile leso mzunguko mmoja mmoja. Mzunguko wa kwanza ulikuwa mkavu. Wa pili ulikuwa na alama. Wa tatu ulirowa. Hakukuwa na haja ya kuminya tena, lakini kanuni ni kanuni, akaminya. Maziwa yaliruka yakatua kwenye mkono wa sare yake nyeupe.

"Hiki ni nini, mama?"

Tumu aliivuta leso kujifunika.

"Mtoto anakufa, na dawa yake umeifunga na kitambaa. Nyinyi wanawake wa pwani mna nini? Mnaona vibaya kuharibu kifua? Mpe. Mpe hapa, nione."

Tumu alimpa. Nana alifungua mdomo, akashika, akavuta mara mbili, mara tatu. Kisha akaachia, akafumba macho, jasho limemtoka kipajini kana kwamba amepanda ngazi. Tumu akamgusisha tena mdomoni. Mtoto akageuza uso.

"Hana nguvu za kuvuta," Sista Jael alisema, na sauti yake ikapungua ukali. "Huyu ziwa amelinyonya lini mara ya mwisho?"

Hapo Tumu alimweleza. Alieleza yote, ghala, alfajiri, kikombe na kadi, akiyasema haraka haraka huku akijifunga leso, bila kumtazama. Alipomaliza, Sista aliiweka kalamu chini. Yeye mwenyewe alikuwa ameacha mtoto wa mwaka mmoja kwa nyanya yake Maragoli ili aje kupima watoto wa watu.

"Acha kazi hiyo," alisema.

"Nikiacha ntakula nini, Sista? Na nisipokula, hayo maziwa yatatoka wapi?"

"Huna ndugu?"

"Nna dada Lamu. Ana sita wake."

"Na baba mtoto?"

"Hako."

Sista Jael alikifungua kitabu kikubwa kilichokuwa mezani, akamwonyesha mistari ambayo Tumu hakuweza kuisoma. "Tazama. Mimi nina safu tatu. Yatima. Pacha. Mama mkavu. Wewe nikuandike wapi? Nikikuandika mkavu, na mkaguzi akija akuminye kama nilivyokuminya, anayefukuzwa ni mimi."

"Niandike mkavu, Sista. Nakuomba. Kopo moja."

"Siwezi, mama."

Nyuma ya mgongo wake makopo yalikuwa yamepangwa kabatini mpaka karibu na dari. Sista alichukua kadi ya Nana, akaandika huku akitamka polepole, kwa desturi yake, ili mama asiyesoma asikie: "Mama ana maziwa ya kutosha. Amepewa mawaidha." Kisha akavuta karatasi nyingine, yenye kichwa cha habari kilichopigwa chapa, akaandika kwa muda mrefu zaidi, akapiga muhuri mara mbili. "Hii mpe bibi yako. Wenye nyumba kubwa huogopa muhuri. Lakini mwambie mume wako akirudi aje kliniki. Siku hizi tunafundisha na kina baba."

Tumu alirudi kwa miguu. Kwenye Biashara Street alisimama mbele ya duka la leso, akafikiri kuitupa ile karatasi mtaroni. Aliijua nyumba ya Bi Mwanarusi. Lakini Nana alikuwa amelala begani, mwepesi mno, na pumzi zake zilikuwa za kukatikakatika. Na ndani ya Tumu kulikuwa na sehemu ndogo, ya kipumbavu, iliyouamini muhuri. Akaishika karatasi vizuri zaidi ili isiingie jasho.

Alimlaza Nana ghalani juu ya mkeka, akapanda.

Walikuwa wamemaliza kula. Zein, babake Jamaldin, karani, alikuwa bado mezani akichokonoa meno. Swabaha alikuwa akitembea sebuleni na mtoto aliyelia mpaka sauti ikapasuka. Bi Mwanarusi alikaa kitini na tasbihi.

"Chanjo gani ya nusu siku?" aliuliza.

Tumu alitoa karatasi kwa mikono miwili, akampa Zein, kwa kuwa ndiye msomi. Zein aliifunua, akasoma kwa sauti ya ofisini.

"Kwa mkuu wa nyumba. Mpango wa Afya ya Mama na Mtoto unashauri kila mama amnyonyeshe mwanawe mwenyewe kwa muda usiopungua mwaka mmoja, kwa ajili ya uhai wa mtoto na uimara wa jamii. Mtoto Nana binti Jaffar ana uzito wa ratili tisa na yumo hatarini. Unaombwa usimzuie mama yake. Mkaguzi wa afya atatembelea nyumba yako." Akaigeuza, akaukagua muhuri. "Ni ya kweli."

Bi Mwanarusi hakuinua sauti. Wenye uwezo hawana haja.

"Tumu. Mimi nimekuzuia?"

"La, Bi."

"Nimekufunga kamba?"

"La, Bi."

"Basi mbona mkaguzi yuwaja nyumbani kwangu? Nimekupa pa kulala, umekula changu, wenda kunishitaki serikalini. Kweli kikulacho ki nguoni mwako." Akahesabu punje tatu za tasbihi. "Alhamdulillahi. Serikali imesema kila mama na mwanawe. Sisi ni watu wa amri. Shuka kamnyonyeshe wako. Na ghala ntaitaka leo leo, kabla ya alasiri, kwani atakayekuja naye atataka pa kulaza wake."

"Mama," Swabaha alisema, "na huyu yuwalia tangu saa sita."

"Majengo hakukosekani ziwa."

Tumu alisimama pale. Akilini alimwona Nana akivuta mara tatu na kuachia. Hata akipewa matiti yote mawili, kutwa kucha, angevuta mara tatu na kuachia. Ilihitajika kikombe, na kijiko, na siku nyingi za kukaa kitako kumtilia tone baada ya tone. Na siku hizo zilihitaji paa na sahani ya wali. Alijua matiti yake mwenyewe. Siku mbili bila chakula na yangekuwa mifuko. Muhuri haukuandika habari ya sahani ya wali.

Akapiga magoti.

"Ichane, bwana. Sikuitaka mimi. Walinipa tu. Ichane, nami sitakwenda tena."

"Barua ya serikali haichanwi," alisema Zein, si kwa ukali, bali kama mtu anayemfundisha mtu kazi. "Mkaguzi akija lazima aikute, na aikute imejibiwa." Akatoa kalamu mfukoni, akaigeuza karatasi, akaandika mgongoni mwake kwa mwandiko wa kulalia upande. "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Nakusomea, usiseme baadaye hukusomewa. Mimi, Tumu binti Hamisi, nimesomewa ushauri wa serikali na nimeufahamu. Ninamnyonyesha mtoto wa Bwana Zein kwa hiari yangu. Mtoto wangu anapata chakula cha kutosha. Umefahamu?"

Kutoka chini, kupitia mbao za sakafu, kilio cha Nana kilianza.

"Nimefahamu."

"Lete kidole."

Alimpaka wino wa kalamu kwenye gumba, akalibana juu ya karatasi, akapuliza mpaka alama ikakauka. Bi Mwanarusi alitazama kazi hiyo kwa kuridhika. Mwanawe hakuwa mtu wa mambo nusu nusu.

"Mama," Swabaha alisema tena, kwa sauti ya chini, "ashuke kwanza ampe kidogo yule, ndipo apande."

"Umekuwa mkaguzi nawe? Mpe mtoto."

Jamaldin aliwekwa pajani. Alilivamia ziwa kabla Tumu hajamaliza kufungua leso, akavuta kwa pupa, akameza kwa sauti, miguu yake minene ikipiga piga hewa. Gumba la Tumu liliacha doa la wino shavuni mwake. Bi Mwanarusi akalifuta kwa ncha ya mtandio. Chini Nana alilia, akapumzika, akalia. Tumu alikuwa akiyahesabu mapumziko yale bila kutaka. La kwanza lilikuwa fupi. La pili lilikuwa refu kidogo.

"Bi, nishuke mara moja nimtazame."

"Hajashiba."

"Mara moja tu, Bi. Ntarudi."

"Tumu. Umeweka kidole sasa hivi."

Jamaldin aliachia ziwa la kwanza, akapumua kwa raha. Pumziko la tatu likaanza, na Tumu akahesabu, akapita mahali alipofikia la pili, akaendelea kuhesabu. Kutoka chini hakikupanda kilio. Swabaha alikuwa amesimama mlangoni, mkono mdomoni, akitazama sakafu.

Bi Mwanarusi aliinamisha kichwa akasikiliza kwa makini.

"Waona?" alisema kwa upole. "Amelala. Haya, mgeuze huyu, umpe na la pili."